Kutulia: namna farasi-bahari anavyojikinga, na tangi linalomfaa

Farasi-bahari, samaki mdogo mwenye kichwa kama cha farasi, hujikinga kwa kutulia. Hana mbio, pezi dogo la mgongoni humsogeza polepole mno. Mwili wake umezungukwa na mabamba ya mfupa chini ya ngozi, rangi hubadilika ifanane na mazingira, na mkia hushika nyasi bahari ili mkondo usimchukue. Kila jicho huzunguka kivyake, hivyo hutazama huku na huku bila kutikisika.

Ndani ya tangi, utulivu huohuo humponza. Akishika anemoni, mnyama wa baharini mwenye minyiri inayochoma, huchomwa. Akijiviringisha kwenye hita hubabuka, kwa hiyo hita ivikwe kikinga cha plastiki, na mdomo wa pampu ufunikwe kwa sponji. Mpe vya kushika: matumbawe ya bandia, kamba nene, mwani. Usimchanganye na samaki wepesi, watamaliza chakula kabla hajakifikia. Hana meno wala mfuko wa tumbo, chakula humpitia upesi. Alishwe mara 2 au 3 kwa siku uduvi wa maisisi aliyegandishwa, ayeyushwe kwanza, na mabaki yaondolewe kabla hayajaoza.

Jozi moja itengewe lita 120 hivi, na kina kisipungue sentimita 45: wakichumbiana hupanda juu pamoja, ndipo jike hutia mayai katika kifuko cha dume.

Nairobi ina mambo yake. Maji ya mfereji yana klorini na ya visima mengi yana floridi, basi tumia maji yaliyochujwa kwa RO (mtambo unaosukuma maji kupitia utando mwembamba sana), uweke gramu 35 hivi za chumvi ya akwaria kwa lita (chumvi ya mezani haifai kabisa), kisha upime hadi uzito wa maji, ukilinganishwa na wa maji matupu, uwe 1.023–1.025. Maji yakipungua kwa mvuke, ongeza yasiyo na chumvi, kwa sababu chumvi hubaki. Joto liwe nyuzi 22–24; likizidi hapo bakteria wa vibrio, wanaomletea maradhi, hushamiri, na usiku wa Julai hita ni lazima. Katika mwinuko wa mita 1,700 hivi, maji hubeba oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko Mombasa. Stima ikipotea, pampu ya hewa ya betri iwe tayari.

Tafuta aliyezalishwa tangini, kwa kuwa wa baharini mara nyingi hukataa chakula kilichogandishwa. Biashara ya kimataifa ya farasi-bahari wote inadhibitiwa na CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu 2004, kwa hiyo ukinunua wa kutoka nje, dai vibali. Farasi-bahari asiingizwe tangini kabla amonia na nitraiti, sumu zitokanazo na uchafu majini, hazijasoma sufuri, kazi ya wiki 4 hadi 6.