Deliriamu baada ya upasuaji wa moyo: alama za hatari zina maana gani?

Deliriamu ni kuvurugika kwa akili kunakokuja ghafla, ndani ya saa au siku chache, tena kwa kupanda na kushuka. Asubuhi mgonjwa anakutambua na kukuuliza habari za nyumbani. Jioni hajui yuko wapi. Wengi wetu tungesema anaweweseka. Kinachokwenda kwanza ni umakini: mwambie ataje siku za wiki kwa kurudi nyuma, anapotea njiani. Si wazimu. Wala si ugonjwa wa kusahau wa uzeeni, ambao hujengeka kwa miezi na miaka, ingawa aliye nao hupatwa na deliriamu kwa urahisi zaidi.

Baada ya upasuaji wa moyo hali hii si ya nadra, hasa kwa wazee. Fikiria ubongo umepitia nini. Mara nyingi damu imezungushwa na mashine badala ya moyo, shinikizo limeyumba, kisha mgonjwa anazinduka kwenye chumba cha wagonjwa mahututi ambamo taa haizimwi, kengele za mashine hazinyamazi na maumivu hayamwachi alale. Baadhi hupigana na muuguzi na kung'oa mirija. Hao huonekana. Wanaonitia wasiwasi zaidi ni wale wanaotulia mno: wanalala tu, wanajibu kwa kuchelewa au hawajibu kabisa, na ndugu wanashukuru kwamba anapumzika. Deliriamu ya kimya hupita bila kutambuliwa, na deliriamu kwa ujumla inahusishwa na kukaa hospitali muda mrefu, kudhoofika kwa kumbukumbu na hata kifo.

Ndiyo maana madaktari hutaka kujua mapema ni nani yuko hatarini. Msingi wa utabiri huo ulielezwa vizuri na Sharon Inouye, daktari wa wazee wa Marekani: unatazama udhaifu ambao mtu anaingia nao hospitalini, halafu unatazama misukosuko anayoipata akiwa humo. Mwenye ubongo imara huhitaji pigo kubwa ndipo ayumbe. Kwa aliyekwisha dhoofika, dawa moja ya usingizi inaweza kutosha.

Mwaka 2009 James Rudolph na wenzake wa Boston walichapisha kipimo cha alama za hatari ya deliriamu, kilichotengenezwa kwa wagonjwa 122 wa upasuaji wa moyo wenye umri wa miaka 60 na zaidi, kisha wakakijaribu kwa wengine 109. Kinatazama mambo manne yanayojulikana kabla mgonjwa hajaingia chumba cha upasuaji: jaribio fupi la kumbukumbu na kufikiri, historia ya kiharusi (hata kile cha kupita), dalili za sonona, na kiwango cha albumini, yaani protini ya damu. Kumbukumbu ikiwa dhaifu sana huleta alama 2. Mengine huleta 1 kila moja. Katika kundi la kwanza, wasio na alama hata moja walipata deliriamu kwa asilimia 19, na wenye alama 3 au zaidi kwa asilimia 86.

Isome vizuri hiyo 19. Ni karibu mtu mmoja kati ya watano, miongoni mwa wale walioitwa wa hatari ndogo. Alama haisemi nani ataugua. Inasema kati ya watu 100 wanaofanana naye, wangapi huugua. Uwezo wa kipimo hiki kutofautisha watu ulikuwa karibu 0.75. Maana yake, ukichukua wawili, mmoja aliyepata deliriamu na mmoja ambaye hakupata, kipimo kitampa yule wa kwanza hatari kubwa zaidi mara 75 hivi kati ya 100. Kurusha sarafu kungekupa 50. Kinasaidia, lakini hakitoshi kumwondolea mtu uangalizi.

Tena kipimo hubeba sura ya wagonjwa waliotumiwa kukitengeneza. Afrika Mashariki wengi wanaofanyiwa upasuaji wa moyo ni vijana ambao vali zao, yaani milango ya moyo, zimeharibiwa na homa ya baridi yabisi, si wazee wa Boston wenye mishipa iliyoziba. Na jaribio la kumbukumbu linalodai kuhesabu na kuandika linaweza kumfanya bibi ambaye hakusoma aonekane ana akili dhaifu, ilhali anakumbuka deni la kila jirani. Kabla ya kuziamini asilimia hizo hapa, lazima kipimo kijaribiwe kwa wagonjwa wetu, kwa Kiswahili.

Alama ikiwa juu, hatua zinazofuata ni za kawaida mno: kuepuka dawa za usingizi za jamii ya diazepamu pale inapowezekana, kutuliza maumivu, kuondoa mpira wa mkojo mapema, kumkalisha na kumtembeza, kupunguza mwanga usiku, na kumpima umakini kila zamu. Ndugu nao wana kazi. Mleteeni miwani yake na kifaa chake cha kusikia. Mwambieni daktari kabla ya upasuaji kama mzee hunywa pombe kila siku au ameanza kupotea njia ya nyumbani, hata kama kusema hivyo kunaleta aibu. Na akiwa kimya kuliko kawaida yake, mwiteni muuguzi mumwambie, "Huyu si yeye," kwa sababu muuguzi hakumjua kabla ya hapo.