Mkataba wa hali bora kwa wafanyakazi wa umeme: nani anauidhinisha, na unaanza lini

Tangu Amri mpya ya Kima cha Chini cha Mshahara kwa sekta binafsi ianze kutumika tarehe 1 Januari 2026, malalamiko ya wafanyakazi wa sekta ya umeme katika mikoa ya Mtwara na Lindi yameongezeka, na mengi yanatoka kwa walioajiriwa na wakandarasi wanaosimamisha nguzo na kuvuta nyaya vijijini. Swali linalojirudia ni moja: chama cha wafanyakazi na mwajiri wamekubaliana nyongeza ya mshahara, mkataba wa hali bora, yaani makubaliano yao kuhusu mishahara na masharti ya kazi, umesainiwa, lakini mwajiri anasema hawezi kulipa mpaka Kamishna wa Kazi "apitishe".

Kifungu cha 71 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinataka mkataba wa hali bora za kazi uwe wa maandishi na uwe na sahihi za pande zote mbili. Ukishatimiza hayo, mkataba unazifunga pande zote kuanzia sahihi ya mwisho ilipowekwa, isipokuwa kama wenyewe umetaja tarehe nyingine. Nakala huwasilishwa kwa Kamishna wa Kazi, na ni wajibu kuiwasilisha, lakini kuwasilisha nakala si kuomba ruhusa. Mwajiri binafsi anayezuia nyongeza kwa sababu nakala bado iko njiani kwenda kwa Kamishna anajiongezea deni la mishahara mwezi hadi mwezi.

Fundi mmoja wa laini aliyekuwa akifanya kazi upande wa Masasi alitufikia na nakala yake ikiwa imekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni, akafungua ukurasa wa mwisho. Sahihi ya katibu wa tawi ilikuwepo, ya meneja ilikuwepo pamoja na tarehe chini yake, ila hapakuwa na mhuri wa ofisi ya kazi, na kwa sababu hiyo alikuwa ameambiwa kwamba karatasi ile ni rasimu tu. Haikuwa rasimu. Nyongeza yake ilipaswa kuhesabiwa kuanzia tarehe ile iliyoandikwa chini ya sahihi ya meneja, na mhuri aliokuwa akiutafuta haumo katika masharti ya kifungu hicho.

Ni lazima tuweke tahadhari hapa. Maelezo haya yanahusu waajiri binafsi. Katika mashirika na taasisi za umma, masuala ya mishahara yana ngazi zake za idhini ndani ya Serikali, na mtumishi wa huko anashauriwa kumuuliza mwajiri wake au chama chake kabla ya kutumia makala haya kama hoja.

Kwa wafanyakazi wa umeme kuna kibali kimoja ambacho kweli kinahitajika, na cha kusikitisha ni kwamba ndicho kisichoulizwa. Sheria imeuweka umeme katika orodha ya huduma muhimu, pamoja na maji na usafi wa mazingira, afya na zimamoto, kwa hiyo wafanyakazi wake hawaruhusiwi kugoma. Wanaweza kugoma tu endapo upo mkataba wa hali bora unaoeleza kiwango cha chini cha huduma zitakazoendelea wakati wa mgomo, na mkataba huo umeidhinishwa na Kamati ya Huduma Muhimu. Bila idhini hiyo, kipengele kinachotaja haki ya kugoma hakimkingi aliyeweka zana chini, hata kama pande zote zilikisaini kwa hiari. Tunawaomba viongozi wa matawi wasome sentensi hii mara mbili kabla ya kuitisha mkutano wa wanachama.

Lalamiko la pili kwa wingi ni la makato. Mfanyakazi asiye mwanachama anaona katika hati yake ya mshahara amekatwa fedha za chama, anaamini ameibiwa. Chama kinachowakilisha zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa kundi husika kikitambuliwa, kinajadiliana kwa niaba ya wote, na nyongeza inamfikia hata asiyejiunga. Kwa sababu hiyo sheria inaruhusu makubaliano ya ada ya uwakala, yaani ada anayokatwa asiye mwanachama kwa kuwakilishwa na chama hicho. Ada hiyo haiwezi kuzidi ile anayolipa mwanachama, na haiwezi kupelekwa kwenye chama cha siasa. Kwa upande wa wanachama, mwajiri anakata ada baada ya mfanyakazi kujaza fomu ya TUF.6, na mwajiri huyo anatakiwa kuiwasilisha ada hiyo kwa chama ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha. Akichelewa bila sababu ya msingi, anawajibika kulipa asilimia 5 ya kiasi anachodaiwa kwa kila siku ya kuchelewa. Wahasibu wengi wanashtuka wakiisikia adhabu hii, ingawa si mpya.

Kuhusu viwango vyenyewe, mkataba unaweza kuongeza juu ya sheria lakini hauwezi kushuka chini yake. Shilingi 358,322 iliyotangazwa kuwa kima cha chini ni wastani wa sekta zote, kutoka 275,060 ya awali. Si kiwango cha mtu yeyote, na hakuna sababu ya kuendelea kukidai dirishani wakati kila sekta ina kiwango chake katika jedwali la Amri. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu, na saa za usiku, yaani kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, huongezwa asilimia 5. Anayelipwa shilingi 3,000 kwa saa, akiitwa usiku kurekebisha laini iliyoangushwa na mvua na saa hiyo ikawa ya ziada, anastahili 4,500, na asilimia 5 inahesabiwa juu ya hiyo 4,500, jumla 4,725. Kosa tunalolikuta ni kuhesabu asilimia hiyo juu ya 3,000.

Mzozo kuhusu tafsiri au utekelezaji wa mkataba uliokwisha kusainiwa hupelekwa kwanza Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na usuluhishi ukishindikana unakwenda Mahakama ya Kazi. Mzozo wa kudai nyongeza mpya, kwa kuwa umeme ni huduma muhimu, ukishindikana kusuluhishwa huamuliwa na mwamuzi wa Tume hiyohiyo. Fomu Na. 1 ya Tume hujazwa, upande wa pili unapewa nakala, na ushahidi kwamba umepewa unaambatishwa. Muda wa kufungua madai ya mishahara ni siku 60 tangu mgogoro ulipotokea, na anayechelewa anatakiwa kuomba kuongezewa muda akieleza sababu za kuchelewa, ombi ambalo Tume inaweza kulikataa.