CCR7 haitaki barafu

Mara ya kwanza kupima CCR7, kipokezi kilicho juu ya baadhi ya seli za kinga, nilifuata kila nilichofundishwa. Mirija kwenye barafu, bafa ya baridi, mwanga umepunguzwa, kingamwili yenye rangi, inayoinasa CCR7, nusu saa kwenye nyuzi joto 4. Damu ilikuwa ya mwenzetu wa maabara, kijana wa miaka ishirini na kitu, buheri wa afya. Mashine inayosoma rangi za seli kwa leza ilipomaliza, seli zake za T, askari wa kinga ya mwili, zilikuwa zimelundikana karibu zote upande wa kushoto wa grafu, upande wa zisizo na CCR7. Ukiamini skrini ile, kijana yule alikuwa na kinga ya mzee aliyepambana na virusi maisha yake yote. Nilimwangalia, akaendelea kula mihogo yake.

Seli T za damu tunazigawa mafungu manne kwa alama mbili, CD45RA na CCR7. Mgawo huu ulitolewa na Federica Sallusto na wenzake mwaka 1999, na mpaka leo ndio tunaoutumia. Yenye alama zote mbili ni seli changa, bado haijakutana na adui wake. Yenye CCR7 peke yake ni kumbukumbu inayopitapita kwenye tezi za limfu. Isiyo na yoyote ni kumbukumbu inayolinda doria huko kwenye tishu. Yenye CD45RA peke yake ni askari mkongwe, na kwa watu walioishi miaka mingi na virusi vya CMV fungu hili hujaa sana. Sasa ona hatari yake: kingamwili ya CCR7 ikishindwa kazi, kila seli changa inahesabiwa kuwa mkongwe, na kompyuta haikuonyi, inakupa asilimia zake safi kabisa.

Kilichonishtua ni CD27, alama nyingine ya juu ya seli, ambayo kingamwili yake niliiweka kwenye mchanganyiko bila sababu kubwa. Seli changa zina CD27 ya kutosha. Hapa nilikuwa na seli chungu nzima zenye CD45RA na CD27 zinazong'aa, halafu eti hazina CCR7. Chache ningezikubali. Lundo lile, hapana.

Kesho yake nikarudia kwa damu mpya ya mtu yuleyule. Safari hii kingamwili ya CCR7 niliitia kwanza, peke yake, kwenye damu nzima, mrija ukakaa dakika 15 kwenye nyuzi joto 37. Kingamwili nyingine zikafuata baadaye kwenye joto la kawaida la chumba, na chembe nyekundu nikazipasua mwishoni. Fungu lote la seli changa likahamia kulia. Kingamwili ileile, chupa ileile.

Sababu iko kwenye tabia ya vipokezi vyenyewe. Kemokaini ni protini ndogo zinazoita seli, kama harufu ya maandazi inavyoita watoto uani. Kipokezi ndiyo pua. CCR7 hunusa CCL19 na CCL21, ambazo hutoka kwenye tezi za limfu. Lakini pua hii haikai nje muda wote. Inatoka kibarazani, inaingia ndani ya seli, inatoka tena. Ukiweka seli kwenye barafu, msafara huo unasimama, na kingamwili inakamata waliokutwa barazani tu. Kwenye 37 kila anayetoka anakamatwa, na hata akirudi ndani na rangi yake, leza haijali, itamwona hukohuko. Ndiyo maana bafa ya hatua hii isiwe na sodiamu azidi, kwa kuwa azidi huzima nishati ya seli na kusimamisha safari zile. Na ndiyo maana pia silinganishi mng'ao wangu wa 37 na wa maabara inayopima kwenye 4. Hizo ni hesabu mbili tofauti.

Kuna na suala la umbo. Kipokezi cha kemokaini hupita kwenye utando wa seli mara saba, kama uzi wa mshona kofia, juu, chini, juu. Kinachobaki nje ni ncha moja na vitanzi vitatu vifupi. Kingamwili haina pengi pa kushika, na vitanzi vile vikipoteza umbo, nyingi hazivitambui tena. Kwa hiyo natia rangi kwanza, formalini baadaye. Na kingamwili iliyosifiwa kwa kazi ya protini iliyopikwa na kunyooshwa kwenye jeli haina ahadi yoyote kwangu. Nataka kujua kloni gani, yaani ukoo wa seli uliotengeneza kingamwili hiyo, na imejaribiwa kwenye seli hai au la.

CCR5, kipokezi kingine cha kemokaini, ni mfano mzuri wa umuhimu wa kloni. Mwaka 1996 iligundulika kuwa mlango ambao virusi vya UKIMWI huutumia pamoja na CD4, alama nyingine ya seli T, na kingamwili za CCR5 zikawa nyingi. Kloni 2D7 hushika kitanzi cha pili, 3A9 hushika ile ncha. Mtu akiniambia "tulipima CCR5" bila kutaja kloni, hajaniambia kitu. Tatizo lake lingine ni subira. Chembe sahani zikichokozwa humwaga kemokaini iitwayo CCL5, na CCL5 ikikutana na CCR5 huisukuma ndani ya seli. Damu iliyoshinda kwenye gari la sampuli ukaipima jioni inaweza kukuonyesha CCR5 kidogo kuliko ile uliyoitoa mkononi mwa mtu asubuhi. Mimi naandika saa ya kutoa damu juu ya kila mrija, hata wakinicheka.

Kuhusu rangi sina mengi. Vipokezi hivi ni vichache juu ya seli, kwa hiyo wape rangi kali, na rangi dhaifu ziende kwa alama za seli T kama CD3 na CD4, ambazo zimejaa tele. Napenda PE (phycoerythrin), rangi kali inayotokana na mwani mwekundu. Mwani wanaolima akina mama wa Paje na Jambiani, Zanzibar, nao ni wa kundi hilohilo la mwani wekundu, ingawa wao wanauza kwa ajili ya utomvu wake.

Mpaka wa kusema "hii ina, hii haina" nauchora kwa mrija wa FMO, wenye rangi zote isipokuwa ile moja ninayoitilia shaka. Kisha natafuta shahidi, yaani seli ambazo jibu lake nalijua tayari, ikiwezekana ndani ya mrija uleule. Kwa CCR5 shahidi bora angekuwa mtu mwenye nakala mbili za ule ufutio wa herufi 32 kwenye jeni, maana seli zake hazina CCR5 kabisa juu, lakini wengi wa watu hao wana asili ya Ulaya, huku kwetu utamtafuta mpaka uchoke. Kwa CXCR5, kipokezi kingine cha kemokaini, mambo ni rahisi: karibu seli B zote zilizokomaa kwenye damu, zile za ukoo unaotengeneza kingamwili, zinayo. Kwa hiyo naanza na seli B kabla sijagusa seli T hata moja. Zisipong'aa, nafunga kompyuta na kwenda kwenye friji kuangalia nani aliacha chupa wazi.