Mita yako ya maji Mombasa: yanayosemwa na yalivyo

Katika ploti nyingi za Mombasa, kuanzia nyumba za Kiswahili za Majengo hadi maghorofa ya Bamburi, mita ya kampuni huwa moja. Bili ikija, keyateka huigawa kwa idadi ya milango, na anayeishi peke yake hulipa sawa na mwenye watoto watano. Hapo ndipo mpangaji, au ndugu waliorithi nyumba moja, huanza kuulizia mita yao. Wanayoambiwa mtaani kabla ya kufika MOWASSCO, kampuni ya maji ya Mombasa, huwa na ukweli ndani yake, ila si pale wanapoudhania.

“Ukiwa na mita yako, bili hushuka”

Mita haipunguzi maji. Kazi yake ni kuweka mpaka: yaliyopita hapa ni yako, yaliyopotea kabla ya hapa si yako. Ukipata nafuu, imetokana na mambo mawili.

La kwanza ni ngazi za bei. Bei za maji nchini huidhinishwa na WASREB, bodi inayosimamia huduma za maji, na hupanda kadiri unavyotumia zaidi. Chukua ploti ya milango minane, kila mmoja ukitumia yuniti 8 kwa mwezi (yuniti moja ni lita 1,000, yaani mitungi 50 ya lita 20). Kila mtu akiwa na akaunti yake, yuniti zake zimo kwenye ngazi za chini. Wakiwa kwenye mita moja inayohesabiwa kama nyumba moja, wametumia yuniti 64, na nyingi zinaangukia ngazi za juu ingawa hakuna aliyefuja. Kwa hiyo kwanza soma bili: akaunti imewekwa kundi gani, la nyumbani, la biashara au jingine? Wakati mwingine dawa ni kurekebisha kundi, na mita mpya haihitajiki. Walio kwenye mtandao wa maji taka wakumbuke pia kwamba malipo ya maji taka hufuata maji yaliyopimwa, kwa hiyo hupanda na kushuka pamoja nayo.

La pili ni uvujaji. Mita ikiwa yako, choo kinachovuja ni chako peke yako. Tangi la choo linalopitisha nusu lita kwa dakika, uzi mwembamba usiosikika, hupoteza lita 720 kwa siku. Hizo ni yuniti 21 na ushei kwa mwezi, zaidi ya maji ambayo familia ya watu watano ingetumia ikipewa lita 80 kila mtu kwa siku (yuniti 12). Kabla ya kuomba mita, tia matone ya rangi ya chakula kwenye tangi la choo, usivute maji kwa dakika 20. Rangi ikionekana kwenye bakuli, badilisha mpira wa chini kwanza.

“Mita aliyotuwekea landilodi ni sawa na ya kampuni”

Hapa ndipo wengi huumia. Mita ndogo za milangoni ni mali ya mwenye nyumba, na kampuni haizitambui. Kampuni inasoma mita kubwa tu na kumdai mwenye akaunti. Landilodi asipolipa, maji hukatwa kwa ploti nzima, hata kwa mpangaji ambaye risiti zake zote zimo mkononi.

Tena jumla ya mita ndogo haifiki ile ya mita kubwa. Kuna maji ya keyateka kumwagilia na kuosha ngazi, kuna tangi la chini lililopasuka, kuna maji yanayofurika boya likikwama. Pengo hilo lazima mtu alilipe, na kwa kawaida huingizwa kimyakimya kwenye bei ya yuniti unayotozwa. Omba kuona bili kuu ya mwezi mmoja, gawanya kiasi chote kwa yuniti zake, ulinganishe na bei unayolipa wewe. Tofauti ndogo inaeleweka. Ikiwa maradufu, ni biashara.

Hata hivyo, kwa anayekaa ghorofa ya tatu mita ndogo huenda ndiyo njia pekee. Akaunti yako mwenyewe inahitaji bomba lako mwenyewe tangu barabarani, na presha ya barabara haitoshi kwa urefu huo: kila mita 10 za kupanda hula takriban bari moja (kipimo cha presha). Utahitaji tangi lako la chini, pampu yako na tangi lako la juu. Gharama kubwa iko hapo, na mita ni sehemu ndogo ya hesabu. Nyumba ya chini au ya Kiswahili yenye mlango wa barabarani ni rahisi zaidi.

“Mita hapa inasoma hewa, haina maana”

Hewa inasomwa kweli. Mita za kawaida huzungushwa na chochote kinachopita kwa kasi. Maji ya Mombasa hutoka mbali: chemchemi za Mzima huko Tsavo kwa mteremko, Baricho kwenye mto Sabaki kwa pampu za umeme, Marere kutoka Shimba Hills. Pampu zikisimama au mgao ukibadilishwa, mabomba hukauka, na maji yakirudi husukuma hewa mbele yake.

Swali ni kiasi gani. Bomba la nusu inchi la mita 20 kutoka barabarani hadi kwako hubeba lita 3 hivi. Hilo si kitu. Hewa ya kuhofia ni ya bomba kuu: la inchi 4 lenye urefu wa mita 100 lina karibu lita 800, na hutokea kwa yule ambaye koki yake iko wazi kwanza, hasa aliye mahali palipoinuka. Lita hizo hugawanywa kati ya nyumba za mtaa, ila si sawasawa.

Usikisie, pima. Mgao ukikaribia, andika namba za mita na uweke alama ya kiwango cha maji kwenye tangi. Wakati wa kujaza mtu asifungue mfereji. Likijaa, linganisha. Tangi likiingiza lita 1,000 na mita ikasema 1,030, usijisumbue. Ikisema 1,200, mwezi baada ya mwezi, una hoja ya kupeleka ofisini kwa maandishi, pamoja na picha. Wanaopata maji mara kwa mara wanaweza pia kufunga koki ya baada ya mita bomba likikauka, na maji yakirudi wangoje dakika 10 hadi 15, wafungue robo, kisha yote mlio wa hewa ukiisha. Unayepata maji kwa muda wa saa tatu tu kwa wiki, na hizo za usiku wa manane, usithubutu; utapoteza maji mengi kuliko hewa uliyoikwepa.

Kingine kinachozidisha hewa ni pampu iliyofungwa moja kwa moja kwenye bomba la kampuni. Hairuhusiwi, na si kwa ukaidi wa ofisi: hunyonya hewa, na palipo na tundu hunyonya maji machafu ya mtaro, yanayoishia kwako na kwa jirani. Pampu ivute kutoka tangi la chini tu.

“Mita mpya ni kali, ya zamani ilikuwa ya haki”

Mita ya gurudumu ikichakaa, kwa kawaida hupunguza. Maji membamba hupita bila kuizungusha, na nyumba zetu zina maji membamba mengi: boya la tangi linapokaribia kufunga, huachia uzi kwa muda mrefu. Mita mpya inauona uzi huo. Ndiyo maana bili hupanda baada ya kubadilishiwa, na fundi hulaumiwa.

Ukiishuku, ipime. Mita za kawaida za nyumbani, za daraja la 2 katika kiwango cha ISO 4064, huruhusiwa kukosea asilimia 2 katika mtiririko wa kawaida na 5 katika mdogo sana. Toa lita 100 kwenye mfereji ulio moja kwa moja na mita, si wa tangini. Usiamini mtungi: wa lita 20 ukijazwa hadi shingoni huzidi 20. Upime kwenye mizani ya dukani, kilo 20 za maji ni lita 20, uweke alama. Tarakimu nyeusi ni yuniti nzima, nyekundu ni lita. Nyekundu zikisogea 98 au 102, mita iko sawa. Zikisogea 110, omba ipimwe rasmi. Jibu lisipokuridhisha, malalamiko hupelekwa WASREB.

“Ya tokeni ni nafuu”

Tokeni, yaani kununua maji kabla ya kuyatumia, hubadilisha wakati wa kulipa, haibadilishi bei. Kwenye ploti, uliza nani anapanga bei ya yuniti na ada ya kila ununuzi. Uliza pia betri ikiisha nani anabadilisha, kwani vali inaweza kubaki imefungwa.

“Tuna kisima, mita ya nini?”

Visima vingi vya kisiwani ni vya chumvi. Vinafaa kufulia na choo. Mkivichanganya na maji ya kampuni, kila kimoja kiwe na tangi lake, au bomba la kampuni limwagike juu ya kiwango cha maji tangini, na baada ya mita iwekwe vali ya kuzuia maji kurudi. Bila hiyo, mgao ukikauka, maji ya kisima yanaweza kurudi bombani na kuingia kwa watu.

“Fundi wa mtaa anaweza kuifunga”

Fundi wako ni wa upande wa baada ya mita. Mita yenyewe ni ya kampuni, hata ukiwa umelipa amana, na kuivunja sili au kuchepusha bomba ni kosa kisheria. Andaa kitambulisho, PIN ya KRA (namba yako ya kodi) na hati ya nyumba au barua ya landilodi. Uliza kama akaunti ya zamani ina deni.

Siku ya kufunga, simama hapo. Bomba lisafishwe kwa kuachia maji kabla mita haijaingia, kwani mchanga na vipande vya tepu nyeupe huziba kichujio cha mdomoni, kisha utadhani presha imekwisha. Mshale uelekee nyumbani. Mita ilale sawa, mahali pa chini ambapo bomba hubaki limejaa, koki mbele na nyuma. Koki ziwe za shaba; za chuma huliwa na chumvi ya pwani. Funga sanduku kwa kufuli, maana wanunuzi wa vyuma chakavu wanazijua mita za shaba.

Piga picha ya namba ya mita na tarakimu za kuanzia. Zisipokuwa sifuri usishtuke, hupimwa kwa maji kiwandani. Zikifungwa kadhaa ukutani siku moja, namba huweza kuchanganywa ukalipia maji ya jirani: majirani wafunge koki zao, fungua yako peke yake, tazama ni ipi inayozunguka, ulinganishe namba yake na iliyo kwenye bili ya kwanza.