Kupiga goti wakati wa wimbo wa taifa: maana yake hasa

Ukisikia mtangazaji akisema mchezaji fulani "amepiga goti", ujue anaweza kuwa na maana mbili. Ya kwanza ni ile tuliyoizoea Ligi Kuu ya Uingereza kuanzia Juni 2020: wachezaji wote wa timu zote mbili walipiga goti kwa sekunde chache kabla ya mpira kuanza, refa naye akapiga goti, ingawa tangu Agosti 2022 ilibaki kwa mechi chache zilizoteuliwa. Ligi iliafiki, vilabu viliafiki. Maana ya pili ni ya mchezaji ambaye wimbo wa taifa lake unapigwa, uwanja mzima umesimama, yeye hajasimama, na hakuna aliyempa ruhusa. Watu wengi wanazichanganya hizi mbili, hasa kwa kuwa ya kwanza imezaliwa na ya pili. Hapa tunaizungumzia hiyo ya pili.

Kwa lugha nyepesi, kupinga wakati wa wimbo wa taifa ni pale mwanamichezo anapovunja kwa makusudi adabu inayotarajiwa wimbo ukipigwa, ili kuonyesha kwamba kuna jambo nchini mwake haliko sawa. Anaweza kuketi, kupiga goti, kuinamisha kichwa, kuinua ngumi, kugeuza uso pembeni, au kufunga mdomo wakati anatakiwa kuimba. Hana bango wala kipaza sauti, na mchezo hauchelewi hata dakika moja. Mwili wake ndio unaosema.

Kwa nini achague muda huo? Waliosoma shule zetu wanalijua jibu bila kuambiwa. Tulisimama mistarini asubuhi, mikono imenyooka, bendera inapanda, na hata mtoto mtukutu kuliko wote alitulia. Watu wote wanapofanya jambo moja, anayefanya tofauti anaonekana hata na aliyekaa safu ya mwisho juu kabisa. Nguvu ya kitendo hiki inatoka kwa wale waliosimama. Mchezaji anayeketi benchi wakati watu wananunua karanga hajasema lolote.

Kuna jambo jingine linaloeleza kwa nini habari hizi hutoka Marekani mara nyingi kuliko kwingine. Kwetu wimbo wa taifa tunausikia timu ya taifa ikicheza, au siku ya sherehe kubwa. Yanga na Simba wakikutana kwenye mechi ya ligi, mpira unaanza bila wimbo huo. Marekani unapigwa kabla ya mechi ya kawaida ya ligi, wiki baada ya wiki. Ulipigwa kwenye fainali za besiboli za mwaka 1918, nchi ikiwa vitani, ukafanywa rasmi kuwa wimbo wa taifa mwaka 1931, na Vita Kuu ya Pili vikaugeuza kuwa desturi ya viwanjani. Mchezaji wa kulipwa wa kule anausikia kama sehemu ya kazi yake. Kwa hiyo swali la kusimama au kutosimama linamrudia kila siku ya mechi.

Aliyelifanya goti lijulikane dunia nzima ni Colin Kaepernick, mchezaji wa San Francisco 49ers kwenye ligi ya NFL, ile ya mpira wa Kimarekani unaochezwa kwa mikono. Tarehe 26 Agosti 2016, kabla ya mechi ya maandalizi dhidi ya Green Bay Packers, aliketi benchi wimbo ukipigwa. Alikuwa ameketi hivyohivyo kwenye mechi zilizotangulia, lakini kwa kuwa hakuwa amevaa jezi ya kucheza, hakuna aliyemwona. Safari hii alionekana. Alipoulizwa, alisema hatasimama kuonyesha fahari kwa bendera ya nchi inayowakandamiza watu weusi na watu wengine wasio weupe. Mwezi uliotangulia, watu weusi wawili, Alton Sterling na Philando Castile, walikuwa wameuawa kwa risasi za polisi, siku moja tu ikipita kati ya kifo kimoja na kingine, na video za matukio hayo zilisambaa kila mahali.

Yaliyofuata yanapaswa kutazamwa kwa karibu, maana ndipo goti lenyewe lilipotokea. Nate Boyer, aliyekuwa askari wa kikosi maalumu cha jeshi la Marekani na aliyewahi kujaribu bahati yake kwenye NFL, alimwandikia Kaepernick barua ya wazi. Hakumtukana. Alimweleza anavyojisikia askari akimwona mtu ameketi wimbo ukipigwa. Kaepernick akaomba waonane. Walikutana San Diego, na Boyer akampa ushauri: usiketi peke yako benchi, piga goti kando ya wenzako, maana askari hupiga goti mbele ya kaburi la mwenzao aliyeanguka vitani. Tarehe 1 Septemba 2016 Kaepernick alipiga goti, mwenzake Eric Reid akapiga goti pembeni yake, na Boyer akasimama karibu nao, mkono kifuani. Kwa hiyo ishara iliyokuja kuitwa tusi kwa wanajeshi ilipendekezwa na mwanajeshi, na lengo lake lilikuwa kuongeza heshima. Naona hili halisemwi vya kutosha.

Wanaopinga kitendo hiki wana hoja ya kweli na haifai kupuuzwa. Wanasema wimbo wa taifa si wa serikali wala wa polisi. Ni wa mama aliyekabidhiwa bendera iliyokunjwa baada ya jeneza la mwanawe kushushwa kaburini, na kumfanya huyo mama achukizwe ili kumfikia polisi mbaya ni kukosea shabaha. Anayepiga goti naye husema wimbo huo unaahidi nchi ya watu huru, na yeye anaidai ahadi hiyo mahali inapotamkwa. Mimi nasimama na huyu wa pili. Hata hivyo naelewa kwa nini yule wa kwanza anaumia, na hata Kaepernick alielewa, ndiyo maana akaacha kuketi akapiga goti.

Mambo yalibadilika Septemba 2017, Rais Donald Trump alipowaambia wenye timu wawafukuze kazi wachezaji wasiosimama. Wikiendi hiyo wachezaji zaidi ya 200 waliketi au kupiga goti. Hapo maana ikaanza kuchanganyika: wengi wao walikuwa wanamjibu rais, na suala la polisi likasogea nyuma. Kusimama nako kukawa ujumbe. Huko Chicago timu ya Pittsburgh Steelers iliamua kubaki ndani wimbo ukipigwa, lakini Alejandro Villanueva, aliyepigana Afghanistan, akatokeza hadi mdomo wa njia ya kuingilia uwanjani na kusimama, mkono kifuani, wenzake wakiwa nyuma yake. Baadaye alisema aliona haya kwa kuwaacha.

Lakini goti ni umbo la juzi tu. Tarehe 16 Oktoba 1968, kwenye Olimpiki ya Mexico City, Tommie Smith alishinda mita 200 kwa sekunde 19.83, rekodi ya dunia, na John Carlos akawa wa tatu. Walipanda jukwaani bila viatu, wamevaa soksi nyeusi, kuonyesha umaskini wa watu weusi Marekani. Carlos alivaa shanga shingoni kwa ajili ya walionyongwa na makundi ya wazungu. Glavu zilikuwa jozi moja tu, kwa sababu Carlos alisahau zake, hivyo Smith akavaa ya kulia na Carlos ya kushoto. Wimbo ulipoanza waliinamisha vichwa na kuinua ngumi. Walifukuzwa kwenye kijiji cha Olimpiki. Mshindi wa pili, Peter Norman wa Australia, mzungu, hakuinua mkono, lakini alivaa beji ileile waliyovaa wao ya harakati za haki za binadamu. Hakupelekwa tena kwenye Olimpiki. Alipofariki mwaka 2006, Smith na Carlos walisafiri hadi Australia kulibeba jeneza lake.

Kwenye Olimpiki hiyohiyo, Věra Čáslavská, mwanajimnastiki wa Czechoslovakia, aliinamisha kichwa na kugeuza uso pembeni wimbo wa Urusi ya Kisovieti ulipopigwa. Vifaru vya Kisovieti vilikuwa vimeingia nchini mwake miezi miwili kabla. Huo haukuwa wimbo wa taifa lake, lakini yeye ndiye aliyelipa: aliporudi nyumbani alizuiwa kufanya kazi ya michezo kwa miaka mingi. Na Qatar, Novemba 2022, wachezaji wa Iran walisimama wima kabla ya mechi na Uingereza, bila hata mmoja kufumbua mdomo kuimba, katika siku za maandamano yaliyozuka baada ya kifo cha Mahsa Amini mikononi mwa polisi wa maadili. Mechi iliyofuata waliimba. Kile kimya cha mechi ya kwanza hakihitaji mtafsiri.

Watu huuliza: si Marekani ina uhuru wa kusema? Uhuru huo kikatiba unaizuia serikali kukuadhibu. Haumzuii mwajiri. Klabu ni mwajiri, na mchezaji ana mkataba. Mwaka 1996 NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, ilimsimamisha Mahmoud Abdul-Rauf wa Denver Nuggets, Mwislamu aliyeona kusimama kwa wimbo kunapingana na dini yake, akakosa mechi moja na mshahara wake. Walipatana kwamba atasimama lakini ataruhusiwa kuinama na kuomba dua. Mei 2018 NFL ilitoa kanuni kwamba aliye uwanjani asimame, asiyetaka abaki chumba cha kubadilishia nguo, kisha ikaisitisha kabla haijaanza kutumika. Olimpiki ina Kanuni ya 50, inayokataza maonyesho na propaganda za kisiasa, za kidini na za rangi kwenye maeneo ya mashindano. Ililegezwa kidogo mwaka 2021 ili wanariadha waweze kutoa ishara kabla ya mashindano kuanza, lakini jukwaa la washindi likabaki mwiko.

Tuweke mipaka ya dhana vizuri. Feyisa Lilesa wa Ethiopia alipokunja mikono juu ya kichwa akimaliza mbio za marathoni Rio 2016, nyuma ya Eliud Kipchoge, alikuwa anapinga mauaji ya Waoromo, watu wa kabila lake, lakini alifanya hivyo kwenye mstari wa mwisho, hakungoja wimbo. Tanzania na Kenya zilipokosekana Montreal mwaka 1976 kwa sababu New Zealand ilicheza raga na Afrika Kusini ya makaburu, huko kulikuwa kususia, uamuzi wa serikali, na Filbert Bayi akakosa mbio ambazo dunia nzima ilizingoja. Anayepinga wakati wa wimbo huamua mwenyewe na hulipa mwenyewe.

Malipo hayo ni sehemu ya maana. Kaepernick aliachana na mkataba wake Machi 2017, na hakuna timu iliyomchukua tena. Alilalamika rasmi kwamba wenye timu wamekula njama, na shauri likamalizwa kwa makubaliano mwaka 2019. Juni 2020, baada ya George Floyd, Mmarekani mweusi, kuuawa na polisi, kamishna wa NFL Roger Goodell alikiri kwamba ligi ilikosea kutowasikiliza wachezaji mapema. Jina la Kaepernick hakulitaja.

Na kuna malipo moja yaliyotugusa sisi. Munich, Septemba 1972, fainali ya mita 400: wa kwanza Vince Matthews, wa pili Wayne Collett, wote Wamarekani weusi, wa tatu Julius Sang wa Kenya. Wimbo wa Marekani ulipopigwa, Collett hakuwa na viatu na koti lake lilikuwa wazi. Walisimama wote wawili ngazi ya juu wakiongea, na wakati wa kushuka Matthews alikuwa anaizungusha medali yake kidoleni. Mashabiki wakawazomea, na Kamati ya Olimpiki ikawafungia. Kwa kuwa Mmarekani mwingine wa mita 400 alikuwa ameumia, Marekani ikashindwa kupata watu wanne wa mbio za kupokezana vijiti. Siku chache baadaye Charles Asati, Hezahiah Nyamau, Robert Ouko na Sang walikimbia kwa dakika 2 na sekunde 59.83 na kuchukua dhahabu. Jukwaani, wimbo uliopigwa ulikuwa Ee Mungu Nguvu Yetu.