Mamalia wa zama za dinosaria: dhana potofu na ukweli katika kazi ya Zofia Kielan-Jaworowska

Wengi humdhania mtaalamu wa visukuku kuwa mfukuaji wa mifupa mikubwa. Zofia Kielan-Jaworowska wa Polandi, aliyeongoza misafara ya Wapolandi na Wamongolia katika Jangwa la Gobi kati ya 1963 na 1971, aliipata mifupa hiyo pia, wakiwemo dinosaria wawili, Velociraptor na Protoceratops, waliofukiwa wakiwa wamekabana. Hata hivyo, sifa yake kubwa imetokana na mafuvu ya mamalia yenye urefu wa sentimita chache, ambayo baadhi yake yalisagwa tabaka kwa tabaka ili kuonyesha njia za mishipa ya damu.

Dhana iliyokita mizizi zaidi ni kwamba mamalia walitokea baada ya dinosaria kutoweka. Mamalia wa awali walikuwapo miaka milioni 200 iliyopita, ilhali dinosaria, ukiwatoa ndege waliotokana nao, walitoweka miaka milioni 66 iliyopita. Kwa hiyo takribani theluthi mbili ya historia ya mamalia ilipita wakiishi pamoja nao. Hata Tendaguru mkoani Lindi, ambako Wajerumani walifukua dinosaria kuanzia 1909 na kuwasafirisha Berlin, palipatikana taya dogo la mamalia aliyepewa jina la Brancatherulum mwaka 1927. Wala si wote waliokuwa wanyonge, kwani mamalia Repenomamus wa China alikutwa na mifupa ya kinda la dinosaria tumboni.

Wapo pia wanaoamini kwamba mifupa haiwezi kusimulia uzazi. Mwaka 1979 Kielan-Jaworowska alichunguza nyonga ya multituberkulata, kundi la mamalia wadogo waliofanana na panya, akaona ni nyembamba mno kupitisha yai, akahitimisha kuwa walizaa watoto wachanga sana. Utafiti wa tishu za mifupa wa 2022 umedokeza kwamba mimba yao ilikuwa ndefu kuliko alivyofikiri, lakini hoja yenyewe ilianzia kwenye nyonga ile.

Si kweli, mwisho, kwamba janga la kimondo lililowaangamiza dinosaria liliwaacha mamalia salama: huko Amerika Kaskazini jamaa wa kangaruu walipungua vibaya. Multituberkulata walinusurika, wakastawi, kisha wakatoweka miaka milioni 35 hivi iliyopita. Baadhi ya wataalamu hulaumu ushindani wa wanyama wagugunaji, maelezo ambayo peke yake naona ni mepesi kwa kundi lililodumu zaidi ya miaka milioni 100.