Shamba la matunda la jamii mjini: maana yake na linavyolisha wahitaji

Shamba la matunda la jamii ni miti ya matunda iliyopandwa mahali palipotengwa kwa ajili ya wengi, ikatunzwa na wakazi wenyewe kwa zamu, na mavuno yake yakagawanywa kwa utaratibu waliokubaliana. Likiwa shamba la kulisha wahitaji, sehemu ya mavuno, au yote, huwa ina wenyewe hata kabla tunda halijaanguliwa: kituo cha yatima, jiko la parokia au la msikiti, kikundi cha wakimbizi, wazee wanaoishi peke yao. Hapo ndipo linapotofautiana na mwembe wa uani kwa jirani, ambao watoto huruhusiwa kuokota yaliyoanguka. Jirani mkarimu akihama, ukarimu wake huhama naye. Shamba la jamii linatakiwa lidumu hata walioliasisi wakiondoka.

Wazo lenyewe si geni. Wasomaji wa Biblia wanamkumbuka Ruthu akiokota masazo katika shamba la Boazi. Waislamu wana hadithi mashuhuri ya Mtume kwamba Mwislamu akipanda mti, kisha akala humo ndege, mtu au mnyama, huandikiwa sadaka. Hata maghala ya chakula cha msaada tunayoyasikia leo yana uhusiano na matunda: John van Hengel, aliyeanzisha ghala la kwanza la aina hiyo mjini Phoenix, Marekani, mwaka 1967, alikuwa akikusanya machungwa yasiyovunwa na kuyapeleka kwenye jiko la kulisha maskini. Nako Philadelphia, shirika la Philadelphia Orchard Project limekuwa likisaidia mitaa kupanda miti ya matunda tangu mwaka 2007.

Kampala ina kila sababu ya kuwa na mashamba ya namna hii. Mvua hunyesha misimu miwili, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, na mfenesi huota hata mahali ambapo hakuna aliyeupanda. Msimu wa maembe ukifika, matunda huoza chini ya miti huku mitaa miwili mbele mama anaandalia wanawe posho (ugali) na maharage, basi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, lakini familia inayohesabu shilingi ya unga huanza kupunguza kwenye matunda. Nawafikiria hasa wakimbizi wa mjini, wengi wao Wakongo wanaozungumza Kiswahili. Mgao wa chakula hutolewa kwenye makazi ya wakimbizi kama Nakivale na Kyangwali. Anayekaa Katwe au Nsambya, mitaa ya Kampala, hutarajiwa kujitegemea.

Kinachoua au kuokoa shamba kama hili ni ardhi, na ningeomba kikundi chochote kilipe jambo hilo uzito kuliko aina ya miche. Mchicha huvunwa wiki chache baada ya kupandwa. Mwenye kiwanja akibadili mawazo, hasara ni ndogo. Mwembe au mparachichi uliobebeshwa huchukua miaka mitatu minne kabla ya kutoa mavuno ya maana, na uliopandwa kwa kokwa huchelewa zaidi. Kikundi kilichopewa ruhusa ya mdomo kinaweza kunyang'anywa kiwanja mwaka ule ule miti inapochanua.

Buganda, ufalme wa jadi ambamo Kampala imo, jambo hili lina mafundo yake. Mkataba wa mwaka 1900 kati ya Waingereza na Buganda uligawa ardhi kwa maili za mraba, na hadi leo sehemu kubwa ya Kampala ni ardhi ya mailo: hati ina jina la mtu mmoja, na juu ya ardhi ile ile anaishi mwingine mwenye kibanja, yaani haki ya kukaa na kulima bila hati. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 inawatambua wote wawili. Kikundi kikielewana na mwenye kibanja tu, bado hakijamaliza. Waitwe wote, pamoja na mwenyekiti wa LC 1 (baraza la mtaa) na majirani wanaopakana, kisha iandikwe na kutiwa sahihi: muda ni miaka mingapi, miti ni ya nani, na barabara ikipita hapo nani analipwa fidia ya miti. Hilo la fidia ni zito kulitaja siku ya kwanza, watu wakiwa na furaha, ila likiachwa ndilo litakalogombanisha waliolima pamoja. Kwa maoni yangu, penye kiwanja cha parokia, shule au msikiti, waanze kuomba huko. Ardhi ikiwa ya wakfu, haiuzwi wala hairithiwi. Pia jiji lina kanuni zake za kilimo cha mjini, za mwaka 2006: hifadhi ya barabara na maeneo oevu si pa kupanda.

Halafu kuna siku ya kuvuna, maana mti huzaa kwa mkupuo. Parachichi haliivi mtini. Hukomaa, likaanguliwa, likaiva siku kadhaa baadaye, kwa hiyo kituo hupata nafasi ya kujipanga. Embe lianguliwe na kikonyo chake, kwa sababu kikikatika kwenye tunda utomvu hutiririka na kuunguza ganda, na palipoungua ndipo kuoza huanzia. Upembo wenye mfuko wa wavu ni bora kuliko mawe au kutikisa tawi. Fenesi linataka mikono: ni zito, linanata, na anayelipasua hupaka mafuta ya kupikia kwenye kisu na viganjani. Jiko lenye wapishi wawili na foleni ya watoto litashukuru zaidi likiletewa nyama ya fenesi iliyokwisha kutolewa, pamoja na mbegu zake, ambazo huchemshwa na kuliwa. Kituo kiulizwe mapema kinaweza kupokea nini na siku gani.

Zamu ya kuokota yaliyoanguka isidharauliwe. Inzi wa matunda kutoka Asia, aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003 na kuenea upesi katika nchi jirani, hutaga mayai ndani ya embe, na funza wake hukamilisha maisha yao kwenye udongo chini ya mti. Matunda mabovu yafukiwe kina cha nusu mita au zaidi, ama yafungwe ndani ya mfuko mweusi na kuachwa juani.

Miaka ya kungoja maembe isipite mitupu. Katikati ya miche mikubwa pana nafasi ya mipapai, inayoweza kuzaa ndani ya mwaka mmoja hivi, na pasheni hutambaa kwenye uzio. Mapapai ya kwanza, hata yakiwa kapu moja, yapelekwe kituoni, ili utaratibu wa nani anabeba, nani anapokea na nani anaandika daftarini uwe umeshazoeleka maembe yatakapokuja kwa wingi.